Mpira umekuwa yai: kusaka hitilafu za picha pana na HD kwenye matangazo mubashara

Analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ilipofuata mwaka 2015 baada ya mvutano wa mahakamani, watazamaji wengi waliamini kwamba king'amuzi na HD ni kitu kimoja. Sivyo. Dijitali ni namna ya kusafirisha picha, HD ni wingi wa pikseli, na picha pana ni umbo. Kituo kinaweza kuwa cha dijitali tupu na bado kikarusha picha ya 4:3, umbo la runinga za zamani, isiyo na ubora wowote wa kujivunia. Vituo vingi, kwa sababu ya fedha, vilivuka kwa vipande: kamera za HD zikaja kwanza, swicha (kifaa cha kuchagua picha ipi iende hewani) ikabaki ya zamani, mashine ya grafiki ikabadilishwa baadaye, maktaba ya kanda za 4:3 ikaachwa ilivyo, na siku hizi yupo mwandishi anayeingia hewani kwa simu yake kutoka Mbeya. Karibu kila hitilafu iliyoelezwa hapa huzaliwa pale vipande viwili vya namna hiyo vinapounganishwa bila kukubaliana.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya fundi aliye kwenye gari la matangazo au chumba cha kuongozea. Mtazamaji wa nyumbani ana sehemu yake kuelekea mwisho.

Kabla ya kugusa kitufe chochote

Fuata njia ya picha kuanzia kwenye kamera kuelekea kwenye mnara. Mafundi wengi, wakipigiwa simu na bosi kwamba sura zimenenepa, hukimbilia kifaa cha mwisho kabla ya kurusha na kubana picha hapo. Sura za kanda iliyokuwa hewani zinanyooka. Dakika mbili baadaye mwongozaji anarudi studio, na mtangazaji ambaye hakuwa na tatizo lolote anaonekana mwembamba kama amefunga mwezi mzima bila futari. Ukitibu mwishoni, unamtibu mgonjwa mmoja na kuwaambukiza wengine wote. Tafuta kifaa cha kwanza ambacho picha inaingia nzima na kutoka imeharibika, kisha ufanyie kazi hapohapo.

Kwa hiyo beba monita ndogo unayoiamini, ichomeke baada ya kila kifaa kwa zamu, na uzime marekebisho yote ya umbo kwenye monita yenyewe. Monita inayojirekebisha yenyewe ni shahidi wa uongo.

Dalili: watu wamenenepa au wamerefuka

Hii ndiyo hitilafu mama, na inafaa kuelewa chanzo chake vizuri. Picha ya SD, yaani ya ubora wa kawaida wa kabla ya HD, katika mfumo wetu ina pikseli 720 kwa 576, iwe ya 4:3 au ya 16:9, yaani pana. Idadi ni ileile. Picha pana ya SD hubanwa kwa upana ili ienee kwenye pikseli hizohizo, halafu hutanuliwa upya inapofika kwenye kioo. Kinachoiambia mashine inayofuata kwamba "hii itanue" ni alama ndogo iliyofichwa kwenye mawimbi: enzi za analojia ilikaa kwenye mstari wa 23, na kwenye dijitali ni data inayoitwa AFD. Swicha za zamani, mashine za kurekodi na baadhi ya konveta (vifaa vya kugeuza picha kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine) huidondosha alama hiyo bila kutoa onyo lolote. Picha inafika haina kitambulisho, na kifaa kinachoipokea kinabahatisha.

HD haina utata huo. Pikseli zake 1920 kwa 1080 ni za mraba, na umbo ni 16:9 tu. Ukiona sura zimepotoka ndani ya mfumo wa HD, elewa kwamba chanzo kiko upande wa SD au kwenye konveta inayoziunganisha pande mbili.

Kipimo ni rahisi. Bandika sahani ya duara ukutani, ielekeze kamera moja kwa moja, na upime upana na urefu wake kwenye monita kwa rula. Usitumie duara la katikati ya uwanja. Kutoka jukwaani linaonekana limelala hata kama mfumo wako hauna kasoro. Gawa upana kwa urefu. Ukipata karibu na 1.33, umechukua picha ya 4:3 na kuivuta ijaze 16:9. Ukipata 0.75, picha pana imebanwa na haijatanuliwa. Ukipata karibu na 1.14, kuna mtu amepitia 14:9, umbo la maridhiano lililotumiwa sana na BBC miaka ya mwisho ya tisini na kuendelea ili wenye televisheni za analojia wasikasirishwe na mistari mipana myeusi, na kuna mwingine akaivuta tena.

Namba ikibadilika unapoisogeza kamera, yaani sahani ni ya duara ikiwa katikati ya kioo na inakuwa yai ikifika pembeni, acha kuhangaika na mitambo. Hiyo ni televisheni yenyewe. Nyingi zina chaguo la kukuza "kwa akili" linalovuta pembeni zaidi ya katikati. Kwenye mpira hujionyesha kamera inapofuata shambulizi: nguzo za goli zinaonekana kama zinapumua.

Tiba, kwa mpangilio ninaoupendekeza: weka konveta kwa umbo maalumu badala ya kuiacha ichague yenyewe, ingiza kila chanzo cha SD kwenye konveta yake, kubali mistari miwili myeusi pembeni kwa kanda za 4:3. Wapo mameneja wanaochukia mistari hiyo wakisema "kioo kimebaki kitupu". Inachukua asilimia 12.5 kila upande, na ni bei ndogo kulipa kuliko kumwonyesha marehemu mwanasiasa kwenye kumbukumbu akiwa na mashavu ambayo hakuwa nayo. Ukitaka kuwaridhisha, weka rangi ya kituo au picha iliyofifishwa nyuma ya mistari, ila picha yenyewe usiivute.

Dalili: picha imekuwa stempu, nyeusi pande zote nne

Picha pana iliwekwa ndani ya 4:3 kwa mistari juu na chini, halafu hiyo 4:3 ikawekwa ndani ya 16:9 kwa mistari ya pembeni. Mtazamaji amebaki na asilimia 75 ya upana na asilimia 75 ya urefu, yaani asilimia 56 hivi ya kioo alichonunua. Hutokea sana kwa klipu zinazopakuliwa na kurushwa tena na tena kutoka kituo hadi kituo. Ondoa konveta moja kati ya mbili. Kama mistari imeshapikwa ndani ya klipu, ikuze hadi ijae, na ukubali kwamba ukali wa picha umeshapotea.

Dalili: matokeo yamekatwa, maandishi ya chini hayasomeki

Hapa kuna vyanzo viwili vinavyofanana kwa macho.

Cha kwanza: mahali fulani katikati ya picha pana panakatwa ili kupata 4:3, na pembeni panatupwa. Ubao wa matokeo unaoanzia umbali wa asilimia 10 kutoka ukingo wa kushoto unapoteza mwanzo wake, kwa sababu mkato unakula asilimia 12.5. Mechi zote 64 za Kombe la Dunia la 2006 nchini Ujerumani zilitengenezwa kwa HD na umbo la 16:9, wakati televisheni nyingi duniani zilikuwa bado za 4:3, na miaka hiyo mafundi wa grafiki walizoea kusogeza kila kitu katikati. Ndiyo sababu ya ule ubao wa matokeo wa zamani ulioonekana kuning'inia mbali na kona bila maelezo. Kama bado una mlaji wa 4:3, iwe ni king'amuzi cha zamani au kituo mshirika, fanya kama wao. Kama huna, usibaki na utumwa huo. Rudisha grafiki konani.

Cha pili: televisheni inakata kingo. Runinga za kioo cha mgongo zilikata kwa sababu mirija yake haikuwa sahihi pembeni, na za bapa zimerithi tabia hiyo bila sababu ya maana. Umoja wa Utangazaji wa Ulaya unapendekeza maandishi yakae ndani kwa asilimia 5 kutoka kila ukingo na matukio muhimu kwa asilimia 3.5. Kwa kuwatofautisha: mkato wa 4:3 unakula pembeni tu, mkato wa televisheni unakula pande zote nne.

Mpiga picha naye ahusishwe. Kwenye 4:3 alizoea kumkaribia mchezaji. Kwenye 16:9 akimkaribia vilevile anakata kichwa na miguu na kubaki na nyasi nyingi pembeni. Hakuna kitufe cha kutibu hilo. Ni mazoezi, na kuchora alama ya 4:3 kwenye kioo cha kamera kipindi chote cha mpito.

Dalili: mwendo una meno au unadunda

Meno kama ya kitana kwenye miguu ya mchezaji anayekimbia: picha ya mistari ya kupishana imeonyeshwa kama fremu nzima. HD ya 1080i kwa sekunde hutuma nusu-picha 50, kila moja ina mistari 540, zikipokezana. Konveta mbaya huzibandika mbili pamoja ilhali zilipigwa nyakati tofauti. Nyingine hutupa nusu moja. Meno yanaondoka, lakini mwendo unakuwa mzito na ukali wa wima unapungua nusu. Tafuta konveta inayohesabu mwendo, au kama unaanza upya na kazi yako kubwa ni michezo, fikiria 720p kwa fremu 50, yaani mistari 720 inayotumwa kwa fremu nzima bila kupishana. Umoja huohuo wa Utangazaji wa Ulaya uliipendekeza mwaka 2004 kwa urushaji wa HD, ingawa vituo vingi vikubwa vilichagua 1080i. Kwa mpira wa miguu mimi naona walipendekeza vizuri.

Mwendo unaokwenda mbele na kurudi nyuma kidogokidogo, hadi macho yanauma: mpangilio wa nusu-picha umegeuzwa. HD huanza na nusu ya juu. Kanda za DV za mfumo wetu huanza na ya chini. Klipu ya DV ikiingizwa bila kuambiwa mashine ya uhariri, hivyo ndivyo itakavyotoka. Badilisha mpangilio kwenye sifa za klipu.

Mdundo mmoja mmoja wenye mpangilio, hasa kwa mwandishi wa simu: simu inapiga fremu 30 na mfumo wako ni wa 25. Iweke 25 au 50 kabla hajaondoka kituoni. Na taa zikipepesa, kumbuka umeme wetu ni wa 50 Hz. Shata iwe 1/50 au 1/100.

Dalili: mdomo na sauti haviendi pamoja

Kila kifaa kinachobadilisha ukubwa wa picha hulazimika kwanza kuishika fremu nzima. Fremu moja ni milisekunde 40. Konveta, kisawazisha fremu (kifaa kinacholinganisha picha inayoingia na saa ya kituo), swicha inayotanua picha, mashine ya grafiki na nembo, kisha monita: vitano tu na picha imechelewa milisekunde 200, huku sauti ikipita kwenye mikza yake bila kusubiri chochote. Zamani kwenye SD ya analojia hapakuwa na vifaa vya kuchelewesha hivi, ndiyo maana wazee wa fani wanashangaa tatizo hili limetoka wapi.

Mapendekezo ya Ulaya yanaruhusu sauti itangulie kwa milisekunde 40 au ichelewe kwa 60, si zaidi. Kuchelewa kunavumiliwa kidogo zaidi kwa sababu ya maumbile: sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, na tangu utotoni tumezoea kuona shoka likipiga mti kabla ya kusikia. Hakuna aliyewahi kusikia kabla ya kuona.

Kwanza amua ni ucheleweshaji wa aina gani. Mwambie mtu apige makofi mara moja mbele ya kamera, rekodi kwenye pato la mwisho, hesabu fremu kati ya viganja kugusana na mlio. Rudia baada ya nusu saa.

Kama tofauti ni ileile, weka ucheleweshaji wa sauti wa kiasi hicho na umemaliza. Lakini uweke kwa kila chanzo: kamera ya studio inayopita kifaa kimoja haihitaji kiasi sawa na kiungo cha uwanjani kinachopita vinne. Makosa ya kawaida kabisa ni kuchelewesha sauti yote kwa pamoja kwenye pato, na hapo unarudia kosa la yule aliyebana picha mwishoni.

Kama tofauti inakua, ucheleweshaji hautasaidia. Vifaa viwili vinaendeshwa na saa mbili tofauti. Hakikisha mikza ya sauti na mitambo ya picha vinapokea rejea moja kutoka kwenye jenereta moja ya usawazisho.

Kama inaruka ghafla, ikikaa sawa kisha ikapotea, mtilie shaka kisawazisha fremu kwenye kiungo chenye mawimbi dhaifu. Kikipoteza picha na kuipata tena, kinaanza na ucheleweshaji mpya.

Na usipime kwa televisheni ya ukutani ofisini. Ina ucheleweshaji wake, na mkurugenzi wako anaitumia hiyohiyo kukulaumu.

Dalili: rangi haziko sawa kati ya kanda na studio

Jezi nyekundu zimeelekea kwenye chungwa na nyasi zimekuwa nzito kidogo kila klipu ya SD inapoingia. SD na HD hutumia hesabu tofauti za kutengeneza rangi, BT.601 kwa SD na BT.709 kwa HD. Konveta imekuza picha bila kubadilisha hesabu. Ni chaguo moja kwenye menyu, na mafundi wengi hawajawahi kulifungua. Weusi ukiwa kijivu au vivuli vikimezwa kabisa, mara nyingi kompyuta ya grafiki ndiyo chanzo: yenyewe hutoa viwango 0 hadi 255, televisheni hutarajia 16 hadi 235. Linganisha mipangilio pande zote mbili.

Dalili: picha inapotea, inatoa cheche, au inaganda kwa sekunde

Kebo. SD hupita kwa megabiti 270 kwa sekunde, HD kwa 1,485. Kebo iliyobeba SD mita 300 bila shida huenda isifikishe HD zaidi ya mita 100 hivi. Ubaya wa dijitali ni kwamba haikupi onyo: analojia ilianza kwa chenga kidogo ukajua mambo yanaharibika, HD huwa safi kabisa na kisha haipo. Mita tano zaidi zinatosha kuiua. Kagua kebo iliyokanyagwa na gari, iliyokunjwa kwa nguvu, au yenye viunganishi vya bei rahisi visivyo vya ohmu 75. SD ilivisamehe, HD haivisamehi. Kwa uwanja mzima, vuta nyuzi za mwanga. HDMI nayo ikizidi mita 10 hivi bila kisaidizi, usiitegemee hewani.

Picha ikipotea kila unapokata kutoka kamera moja kwenda nyingine tu, kebo haina hatia. Kamera hiyo haijafungwa kwenye usawazisho wa pamoja, au swicha yake haina kisawazisha kwenye ingizo hilo.

Dalili: ni HD lakini haina ukali

Fremu moja ya HD ina pikseli mara tano ya SD, na inafichua mengi. Fokasi iliyotosha jana leo ni ukungu, na kioo kidogo cha kamera hakimwonyeshi mpiga picha. Vuta karibu kabisa, weka fokasi kwenye maandishi ya mbali, kisha rudi kwenye picha pana. Ikiwa karibu ni kali na pana ni laini, rekebisha pete ya nyuma ya lenzi. Lenzi za SD kwenye kamera za HD hazitafika mbali hata ukizisugua. Meza ya studio yenye mikwaruzo, pazia lililopigwa pasi vibaya na poda iliyopakwa kwa haraka vitaonekana vyote. Hilo ni la idara nyingine, ila simu ya lawama itakuja kwako.

Picha ikiwa kali monitani na nyasi zikageuka uji hewani, biti hazitoshi. Kamera ikitulia inarudi kuwa nzuri, ikikimbia inavurugika. Ongeza kiwango kwenye enkoda, mashine inayobana picha kabla ya kurushwa, au punguza idadi ya chaneli mnazogawana nazo.

Kwa aliye nyumbani

Kama umeunganisha king'amuzi kwa zile waya za njano, nyekundu na nyeupe, hupati HD hata ukilipia, tumia HDMI. Kisha fungua mipangilio ya king'amuzi, weka 16:9 na 1080i au 720p kulingana na televisheni yako, na kwenye rimoti ya televisheni zima kukuza. Marekebisho yawe upande mmoja tu. Chaneli moja ikiwa na wanene na nyingine zote sawa, tatizo ni la kituo, na hapo una haki ya kulalamika.

Na jirani akishangilia bao kabla yako, king'amuzi chako hakijaharibika. Safari ya kwenda kwenye setilaiti na kurudi huchukua kama robo sekunde tu. Kinachokula muda ni kubana na kufungua picha, na kwa anayetazama kwa intaneti ni akiba inayokusanywa kabla ya kuonyesha, ambayo inaweza kufika makumi ya sekunde. Ndiyo maana wale wanaopenda kuzima sauti ya televisheni na kusikiliza mtangazaji wa redio sasa wanasikia bao kabla halijafungwa. Hakuna mpangilio wa nyumbani utakaoleta picha mbele. Kwa upande wa kituo, jambo la kufanya ni moja: mtangazaji wa mpira aliye uwanjani asipewe monita inayopokea kutoka hewani. Mpe picha moja kwa moja kutoka kwenye swicha, la sivyo atatangaza marudio huku uwanja mzima umeshasimama.